Meno Yaliyomng'ata Mwenyekiti

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwenyekiti wa chama cha wapangaji aling'atwa mkono akiwa amekaa kwenye kiti chake, katikati ya wajumbe sita, na hakuna hata mmoja aliyeona.

Hawakuona kwa sababu taa ilikuwa imezimika. Ukumbi wa mikutano ulikuwa chini kabisa ya jengo, chini ya usawa wa barabara, hauna dirisha hata moja. Taa ikizimika mle, mtu haoni kiganja chake hata jua likiwa la utosi. Giza lilidumu kama dakika moja na nusu. Umeme uliporudi, Katibu aliangalia meza, akamwangalia mwenyekiti, akaona damu ikichuruzika kwenye mkono wake wa kushoto. Akasema kwa sauti ileile aliyozoea kusomea muhtasari:

"Mwenyekiti kang'atwa."

Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Inspekta alifika kwa miguu ndani ya dakika kumi, kalamu ikiwa bado imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, aliyekwisha kushika majalada ya wizi, ya kughushi na ya watu kupigana kwa sababu ya maegesho. La kung'ata hakuwahi kulishika.

Mlalamikaji alikuwa mtu mzima wa miraba minne. Jengo zima lilimwita Refa, kwa kuwa alichezesha mpira miaka thelathini na alikuwa bado anaongea kama mtu mwenye filimbi mdomoni. Aliwahi kumtoa nje kocha, wachezaji watatu na mpiga picha katika mechi moja, kisha akatoka uwanjani akitembea polepole huku mashabiki wakimrushia chupa. Watu wa aina hiyo hawang'atwi hivihivi.

"Nani alikuwa karibu nawe?" Inspekta aliuliza.

"Kushoto kwangu, shemeji yangu."

"Alikung'ata yeye?"

Refa aliutazama mkono wake. "Sikuona," alisema. "Kulikuwa na giza."

Shemeji huyo alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mshonaji wa ghorofa ya pili. Dakika tano kabla ya taa kuzimika walikuwa wakirushiana maneno. Refa alitaka cherehani zisilie Jumapili, naye Mshonaji akamwambia mbele ya wajumbe wote kwamba filimbi yake imeliudhi jengo hili kuliko cherehani mia. Kila shahidi aliyeandikisha maelezo aliyataja maneno hayo. Na kila aliyeyataja alimalizia kwa kusema kwamba yeye hamtuhumu mtu, anaeleza tu.

Konstebo wake alikagua swichi na nyaya, akakuta ni fyuzi tu iliyokuwa imelegea. Hakuna aliyeizima taa kwa makusudi. Basi aliyeng'ata hakuwa amepanga. Alipata nafasi, akaitumia.

Bahati ni kwamba kwenye ghorofa ya chini ya jengo hilohilo kulikuwa na kliniki ya meno. Refa alipelekwa pale kusafishwa jeraha, na nyuma ya kliniki, katika chumba kilichojaa vumbi jeupe hadi kwenye kope za mwenyewe, Inspekta akakutana na Fundi.

Fundi alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyetengeneza meno ya watu tangu Inspekta hajaota ya kwake. Aliuangalia mkono wa Refa kwa muda mrefu. Kisha akasema alama zile zitafifia kabla ya jua kuzama, na kama serikali inazitaka, itabidi azichukue sasa hivi. Hakungoja jibu. Alikanda silikoni, akaupaka mkono, akangoja ikakauka na kuwa kama mpira, akaibandua. Ndani yake alama ya kila jino ilikuwa imetokeza kama kinundu. Akapima unga wa plasta kwa mizani na maji kwa bomba la sindano, akakoroga, akamimina kidogokidogo juu ya meza inayotetemeka ili mapovu yapande na kutoka. Baada ya saa moja akambandulia Inspekta kipande cha mkono cha rangi ya waridi, kigumu kama kigae.

"Bado una joto," Inspekta alisema.

"Plasta ikishika hupata joto. Usiogope, afande, haina homa."

Siku ya pili, Mshonaji alikuja kituoni mwenyewe. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Watoto wa ghorofa ya tatu walikuwa wakipita mlangoni kwake wamefunika mikono yao kwa taulo. Chama kilikuwa kimemsimamisha. Shauri lake lilipangiwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, na mdogo wake, mke wa Refa, alikuwa hajui alie na nani.

"Nipimeni meno," alisema. "Mimi, na wote waliokuwa mle ndani. Mkikuta ni yangu, nifungeni."

Wajumbe wengine wakakubali. Nani angekataa aonekane ndiye? Basi kesho yake, Jumatatu, wote sita walipanga foleni kwenye kliniki, mmoja mmoja akafungua kinywa, akasukumiwa sinia ya chuma iliyojaa uji mzito wa waridi, na kuambiwa apumulie pua. Mjumbe mmoja, Dereva, alitapika. Katibu aliuliza kama wanataka meno yake akiwa ameyavaa au ameyavua. Fundi alimimina plasta palepale, kinywa baada ya kinywa, akieleza kwamba uji huo ukiachwa hunywea, na ukinywea utampa mtu meno ya mtu mwingine. Jumanne asubuhi sanamu sita za meno zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na karatasi yake.

Inspekta alizitazama akahisi zinamcheka.

"Nani?" aliuliza.

Fundi alivua miwani. Alieleza kwamba ngozi huvutika, na mtu yeyote anayeapa kwamba alama ya ngozini ni ya fulani na si mwingine, anajipa kazi ya Mungu. Yeye anachoweza ni kusema nani siye.

"Haya, nani siye?"

"Wote."

Mshonaji alikuwa na mwanya mbele unaotosha kushikia pini tatu, na kwa kweli ndipo alipozishikia. Kwenye mkono wa Refa hapakuwa na mwanya. Dereva hakuwa na meno mawili ya mbele. Ya Katibu yalikuwa ya bandia, yamenyooka kama ukuta, na aliyeng'ata alikuwa na jino moja la chini lililokaa kimshazari. Hivyo hivyo hadi wa sita.

Inspekta alipeleka taarifa kwa Mkuu wa Kituo, akarudi uso umemshuka. Mkuu alikuwa ameisoma hadi mahali pa ngozi kuvutika, akaishia hapo. Kama ngozi inavutika, mwanya nao unaweza kuzibika. Mshtakiwa ni yule yule, hadi aletewe mwingine.

"Kuna jambo moja," Fundi alisema Inspekta alipomsimulia. "Jino la mbele, la juu, upande wa kulia. Nimewahi kuliona. Kama sura ya mtu uliyepanga naye foleni mahali, huikumbuki ni wapi. Nitazipitia sanamu za zamani. Huwa nazitunza mwaka mzima, zimo kwenye rafu ile, kila moja na namba yake."

Alikuwa mtu wa kuongea, na vumbi jeupe halimpi mtu wa kuongea naye. Kabla ya Jumanne kwisha alikuwa amewaambia habari ya rafu yake daktari, mpokeaji wageni, mama mmoja aliyeng'olewa gego na ambaye hakuweza kujibu, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi.

Jumatano, saa tano asubuhi, alimpigia Inspekta simu.

"Afande, nimeibiwa kinywa."

Inspekta alikuta rafu imejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa nafasi moja. Vumbi lilikuwa limeacha umbo la kwato ya farasi mahali sanamu ilipokuwa. Fundi alikuwa ametoka robo saa kupokea magunia ya plasta mlango wa nyuma. Mlango wa mbele aliuacha wazi, na daftari la namba juu ya meza, kama alivyofanya miaka ishirini.

"Ni namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

Fundi alifungua daftari, akashuka na kidole, kidole kikasimama. Alimsukumia Inspekta daftari. Namba arobaini na moja ilikuwa kofia ya kuvika jino la mbele, la juu, upande wa kulia, iliyotengenezwa miezi mitatu nyuma. Mwenye jino alikuwa Refa.

Konstebo ndiye aliyejitosa.

"Mwizi ameiba meno ya aliyeng'atwa," alisema. "Labda anataka kumng'ata tena, safari hii kwa meno yake mwenyewe."

Inspekta alimtuma akaulizie waliopita kliniki asubuhi ile. Konstebo alipoondoka, alimuuliza Fundi kama kwenye ile sanamu kulikuwa na kitu cha kumsaidia mtu yeyote. Fundi alishusha pumzi. Ilikuwa kazi nzuri, alisema. Jino alilolivika kofia alikuwa amelikata kwa msumeno kutoka kwa wenzake, akalichongea ukingo, akalichomekea pini ya shaba chini yake, ili liweze kuchomoka na kurudi mahali pake bila kuyumba hata unywele mmoja. Ukitaka kofia imkae mtu vizuri, lazima jino ulishike mkononi, ulizungushe, ulione kotekote.

"Basi limekwenda," Inspekta alisema.

"Hilo limekwenda. La pili lipo."

"La pili lipi?"

Fundi alimtazama kama mtu anayemwonea huruma. Sanamu iliyokwisha kukatwa msumeno, alieleza, haiaminiki tena kwa mambo ya ujirani. Mtu hawezi kujua kwayo kama kofia itagusana sawasawa na meno ya pembeni. Kwa hiyo kipimo kikiwa cha silikoni, ambacho hakinywei, humiminwa mara mbili. Ya kwanza hukatwa. Ya pili huachwa nzima. Na hiyo ya pili haikai kwenye rafu, kwa sababu rafu haina nafasi. Hukaa kwenye kabati la chini ya sinki, pamoja na viatu vyake vya mvua.

Alipiga magoti, akatoa kiatu kimoja, akatoa kingine, akatoa boksi. Namba arobaini na moja ilikuwa ndani, meno ya juu na ya chini, nzima, haina hata kipovu, bado imevikwa kofia ya majaribio.

Waliiweka juu ya mkono wa waridi. Jino la chini la mshazari likaingia kwenye alama ya mshazari. Kofia ya jino la mbele, ambayo Fundi alikuwa ameipa kona kali kidogo kwa sababu mwenyewe alitaka ionekane ya kiume, ikakaa kwenye kona yake.

"Ngozi huvutika," Fundi alisema polepole. "Sitaapa. Lakini huyu siwezi kusema siye."

Inspekta aliuchukua mkono wa plasta na kuugeuza. Aliketi, akauweka mkono wake wa kushoto mezani kama mtu aliye mkutanoni. Mshonaji alikuwa kushoto. Mtu wa kushoto akiinama ang'ate, meno yatashika upande wa kidole cha mwisho. Alama za Refa zilikuwa upande wa kidole gumba. Ili Mshonaji amng'ate hapo, ingembidi kwanza amkalie shemeji yake mapajani, na jambo hilo wajumbe wangelihisi hata gizani.

Inspekta aliinua mkono wake, akaupeleka kinywani, akauma.

Konstebo aliingia wakati huohuo. Alimwangalia bosi wake, akamwangalia Fundi, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Ingia," Inspekta alisema, bado mkono u mdomoni. "Nani alikuja?"

Walikuja watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Refa, aliyetaka kubadilishwa bandeji. Daktari alishangaa, maana kidonda kilikuwa kimekwisha kupona.

Mchana ule Inspekta alipanda ghorofa ya nne akiwa na hati ya upekuzi. Mlango ulifunguliwa na mke wa Refa, macho mekundu kwa kulia. Refa mwenyewe alikuwa sebuleni, ameshika gazeti. Inspekta alisema anatafuta kitu kilichopotea kliniki. Refa akasema atafute, nyumba ni yake.

Haikuhitajika kutafuta. Mke alisema kama wanatafuta, basi wamtafutie na kinu kingine, kwa sababu chake tangu asubuhi kina ufa. Aliporudi kutoka kwa dada yake alimkuta mumewe jikoni anatwanga, mtu ambaye katika miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kutwanga hata kitunguu saumu. Alimuuliza ni nini, akajibiwa ni dawa.

"Dawa ya nini?" Inspekta aliuliza.

"Hakusema. Na kumbe dawa yenyewe ina msumari."

Alileta kinu. Ndani yake kulikuwa na unga wa waridi, mabonge manne matano yaliyogoma kabisa kutwangika, na katikati yao pini ndogo ya shaba inayong'aa. Inspekta aliitoa kwa kibano, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Ile plasta haitwangiki," alimwambia Refa, kwa upole. "Fundi anasema imetengenezwa makusudi isichubuke."

Refa aliweka gazeti chini. Inspekta alimwonya kwa mujibu wa sheria: halazimiki kusema neno, na atakalolisema linaweza kutumika kama ushahidi.

"Ulijing'ata mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ili umfunge shemeji yako?"

"La hasha." Kwa mara ya kwanza sauti ya filimbi haikuwepo. "Nitasema. Lakini nisiseme mara mbili, afande, siwezi. Waite wajumbe. Mwite na yeye."

Wakashuka kwenye ukumbi. Wajumbe wote sita waliketi palepale walipokuwa Jumamosi. Hata Mshonaji, ambaye alikuwa ameapa kutokanyaga tena mle, aliketi kushoto kwa shemeji yake akiwa na futi ya kushonea shingoni. Konstebo alisimama kando ya swichi, kwa amri. Inspekta alifungua kitabu cha maelezo.

Refa alisimama. Alikohoa mara mbili.

"Mimi naogopa giza," alisema.

Hakuna aliyecheka. Walidhani anaanza mfano.

Akarudia. Akasema si la kawaida la watu wote, ni lile la kumkaba koo. Hajui lilianza lini. Hajawahi kuchezesha mechi ya jioni bila kukagua taa za uwanja mara tatu, na watu walimsifu kwa umakini. Nyumbani hulala taa ikiwaka, amemwambia mkewe anasoma.

"Najua husomi," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Gazeti ni lile lile la mwaka juzi. Nimelizoea."

Refa alimwangalia, akaonekana kama mtu aliyetua mzigo na kukuta kumbe kuna mtu alikuwa anausukuma kwa nyuma siku zote. Kisha akaendelea. Jumamosi taa ilipozimika alihisi ukelele unampanda kifuani. Mwenyekiti, mbele ya wajumbe. Akatia mkono kinywani ili auzuie, na akauma hadi umeme uliporudi. Hakujua kama ametoa damu. Akiwa bado hajapata pumzi, Katibu akasema kang'atwa. Wote wakamgeukia kwa huruma, wakauliza nani, nani, na yeye akaona ni rahisi zaidi kuwa ameng'atwa kuliko kuwa anaogopa. Alitaka kusema ukweli kesho yake. Kesho yake kukawa na jalada. Keshokutwa meno ya watu yakapimwa. Aliposikia Fundi anasema kwenye benchi kwamba jino analikumbuka, akaenda kuichukua sanamu.

"Sikukutaja," alimwambia Mshonaji. "Lakini walipokutaja, nilinyamaza. Ni kosa lile lile."

Inspekta aliandika neno kwa neno. Taarifa ya uongo kwa polisi, wizi wa sanamu moja ya meno, kuharibu kielelezo. Alimsomea Refa maelezo, naye Refa akasaini. Katibu, ambaye alikuwa hajainua uso tangu jina lake litajwe, alipendekeza Mshonaji arudishwe chamani na aombwe radhi kwa maandishi, ibandikwe mlango mkuu. Mikono yote ikapanda. Dereva akaongeza kwamba yeye anaogopa mijusi, kama kuna anayeandika. Hakuna aliyeandika.

Mshonaji alivua futi shingoni, akaikunja taratibu hadi ikawa duara dogo kiganjani.

"Siku nne," alisema. "Siku nne nimepita kwenye ngazi watu wananikwepa mikono. Mdogo wangu analia kwangu, akimaliza anakuja kulia kwako. Na nilikuwa hapa, shemeji. Hapahapa, nusu hatua. Ungenishika tu mkono, nisingemwambia mtu."

Refa alifuta macho kwa bandeji.

"Niliutafuta," alisema. "Nikaupata wangu kwanza."